Tupeane uzoefu: Ulimkaribisha rafiki wa kufa na kuzikana, mkaishia kutosemeshana

Mleta mada

Habari zenu ndugu zangu. Jambo hili nimekaa nalo moyoni miezi 7, naona nikiendelea kulimeza litanidhuru.

Nina rafiki wa miaka 16. Tulisoma pamoja, tukalala bweni moja, na siku namzika baba yeye ndiye aliyenishika mkono. Alipoachana na mumewe akaniomba aje kwangu kupumzisha akili. Nikamjibu njoo, hapa ni kwako, kaa utakavyo.

Hilo "kaa utakavyo" ndilo ninalolijutia. Sikumuuliza anakuja kwa siku ngapi, naye hakusema. Wiki ya kwanza tulikesha tukizungumza, akalia, nikalia naye. Wiki ya pili nikaanza kwenda kazini nasinzia, maana yeye hakuwa na pa kuwahi, na mimi saa 11 alfajiri lazima niwe macho. Akahamisha vyombo vya jikoni, akapanga kabati upya. Alisema ananipunguzia kazi, na kweli nyumba ilikuwa safi kuliko siku zote, ila kila jioni nikawa natafuta kisu changu ndani ya nyumba yangu. Mume wangu hakulalamika hata mara moja. Alianza tu kuchelewa kurudi, na kimya cha mtu unayeishi naye unakijua.

Wiki ya 5, usiku, tukiwa chumbani nikamwambia mume wangu, "Huyu naye ataondoka lini? Nimechoka." Sikupaza sauti, lakini kuta zetu ni nyembamba. Asubuhi nilikuta shuka zimekunjwa, ufunguo uko mezani, na vyombo vyote vimerudishwa vilipokuwa zamani, kijiko kwa kijiko. Hakuacha hata kikaratasi. Napiga, hapokei. Ujumbe hafungui.

Yaliyowakuta yasemeni. Na kama yupo aliyewahi kurudisha urafiki baada ya kufika hapo, aniambie alianzia wapi.

Mchangiaji

Pole sana dada. Wangu alikuja kwa siku 4 tu, ana usaili wa kazi. Kazi hakupata, akaona haya kurudi kwao, akakaa miezi 2. Nilijiona muungwana kwa kutomuuliza anaondoka lini, kumbe nilikuwa namwonyesha kwa vitendo: najibu kwa mkato, nabamiza mlango, nakula kabla hajarudi. Siku ya kuondoka akaniambia, "Ungenieleza ile siku ya kwanza uliyochoka, ningeondoka nikiwa bado nakupenda." Ni miaka 3 sasa, na sijawahi kuambiwa neno lililoniuma kuliko hilo.

Mchangiaji

Wangu alimchapa mwanangu nikiwa bafuni. Mtoto alimwaga maji, basi. Nilimwomba aondoke siku hiyo hiyo na sijutii. Tukikutana tunasalimiana vizuri, lakini nyumbani kwangu halali tena.

Mchangiaji

Naomba nisemee upande wa mgeni, maana naona wote hapa ni wenyeji.

Niliwahi kukaa kwa rafiki yangu wiki 6 baada ya kupoteza kazi. Msidhani mgeni haoni. Anaona mapema kuliko mwenyeji. Nilijua muda wao wa kuoga ili nisiwakute mlangoni. Nilikohoa chini ya shuka. Niliacha kuomba chochote, hata sabuni. Na nilifanya usafi mpaka sehemu ambazo hakuna aliyeniagiza, kwa sababu sikuwa na hela ya kuchangia, nguvu zangu ndizo pekee nilizokuwa nazo za kulipia pale pa kulala.

Dada mleta mada, rafiki yako alipopanga kabati lako, nadhani alikuwa analipa. Alikosea kutokuuliza, hilo kweli. Ila mtu aliyeachwa na mume, aliyetoka kwenye nyumba aliyoipanga kwa mikono yake, akakaa pembeni ya jiko la mwenzake, alikuwa anatafuta mahali ambapo bado anafaa. Na kule kuvirudisha vyombo usiku ule sidhani ni hasira. Mwenye hasira hakai usiku kucha anapanga vijiko vya watu gizani.

Mchangiaji

Hapo juu umenigusa sana, mkuu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi husikia humo kuwa mgeni amechokwa. Mimi nasikia kuwa amepewa nafasi: mwenye jembe ana sehemu yake ya kazi inayojulikana, halazimiki kujipendekeza. Sisi tunampa kochi na tabasamu, tunamwacha abahatishe.

Mimi na rafiki yangu tuligombana hivyo hivyo. Sasa kabla hajaja tunakubaliana siku ya kuja na siku ya kuondoka, ufunguo upi atatumia, na saa ngapi nyumba inalala. Mara ya kwanza niliona haya, kama naandikishana mkataba na ndugu. Ameshakuja mara 3 tangu hapo, na mara ya mwisho mimi ndiye niliyemwomba aongeze siku.

Umeuliza pa kuanzia. Nilipomwomba radhi mara ya kwanza nilisema "samahani kama nilikukwaza", akakata simu. Mara ya pili nilitaja neno lenyewe nililolisema, nikakiri kuwa nililisema. Hapo ndipo tulipoanza kuongea.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Hilo la kulipa sikuwahi kuliwaza hata siku moja, na nimelia.

Jioni hii nimemwandikia. Sikuanza na usingizi wangu wala kazi yangu. Nimeandika maneno yale yale niliyoyasema chumbani, kisha nikamwambia kuwa uchovu wangu alistahili kuusikia kutoka kwangu, tena mapema, si kupitia ukuta. Nikamshukuru kwa kabati.

Ameufungua saa 3 usiku. Bado hajajibu, lakini kwa miezi 7 ndiyo mara ya kwanza anafungua ujumbe wangu. Simu nimeiweka karibu.