Naomba ushauri: Ninawezaje kubadilisha mtindo wa jedwali ambao Excel huuweka yenyewe?

Mtunza Daftari (Chamwino)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninatunza hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa zabibu huku Chamwino, na kila msimu wa mavuno huandaa orodha zenye jina la mkulima, kilo alizoleta, makato na kiasi anachostahili kulipwa. Kila ninapobonyeza Ctrl+T, programu huniletea jedwali lilelile la buluu, lenye kichwa kilichokolea, maandishi meupe na mistari inayopishana rangi. Kwenye skrini halina ubaya wowote. Tatizo ni kwamba orodha hizi huchapishwa kwa printa ya wino mweusi peke yake, kisha hutolewa fotokopi na kubandikwa ukutani, na hapo buluu hugeuka kijivu kiasi kwamba wazee hulazimika kumwomba kijana awasomee kilo zao. Kwa sasa ninaondoa rangi kwa mkono katika kila jedwali. Je, inawezekana programu ianze na mtindo wangu kila ninapotengeneza jedwali, na katika kila faili jipya?

Fundi Majedwali (Area C)

Ndugu Mtunza Daftari, inawezekana, ila kuna jambo moja ambalo usipolijua utaona kama mipangilio yako inapotea kila siku: mtindo unaouchagua kuwa wa kuanzia huhifadhiwa ndani ya faili husika, wala si ndani ya programu. Kwa hiyo kazi yako ina sehemu mbili.

Kwanza tengeneza mtindo. Fungua faili jipya tupu, nenda Home, kisha Format as Table. Mitindo iliyokuja na programu hairuhusu kuhaririwa, kwa hiyo chagua mmoja ulio mwepesi, kwa mfano Light 1, ubofye kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague Duplicate na uipe nakala hiyo jina lako. Katika kisanduku kitakachofunguka utaona orodha ya sehemu za jedwali. Kwenye Header Row weka maandishi meusi yaliyokolezwa, mstari chini yake, na usiweke rangi ya nyuma. Kwenye First Row Stripe bonyeza Clear ili kivuli kiondoke. Kwenye Whole Table weka mistari myembamba ya mlalo, kwa sababu jicho likikosa kivuli linahitaji kitu kingine cha kulivusha kutoka kwenye jina hadi kwenye kilo zake. Kabla ya kubonyeza OK, weka tiki kwenye kisanduku cha chini kinachoufanya mtindo huo uwe wa kuanzia kwa faili hilo.

Pili, lihifadhi faili hilo tupu kama kiolezo (template) kwa jina Book.xltx ndani ya kabrasha la XLSTART, ambalo Excel hulisoma kila inapofunguliwa. Kabrasha hilo liko mahali palipofichwa, kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika %appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART, nalo litafunguka. Kuanzia hapo, kila faili utakalofungua kwa Ctrl+N litakuja na mtindo wako. Tahadhari: ukibofya Blank workbook kwenye ukurasa wa kukaribisha, kiolezo chako hakitumiki. Mimi huuzima ukurasa huo kupitia File, Options, General, na sijawahi kuukumbuka.

Dada wa Kizota

Kwa nini kuzunguka kote huko? Nenda Page Layout, fungua dirisha la Page Setup, na kwenye kichupo cha Sheet weka tiki kwenye Black and white. Rangi za nyuma hazitachapishwa, na maandishi meupe yatatoka meusi.

Fundi Majedwali (Area C)

Dada, kwa dharura njia yako inatosha kabisa. Hata hivyo, tiki hiyo huwekwa kwa kila karatasi, na siku anayechapisha ni mtu mwingine mwenye faili jipya, buluu itarudi ukutani.

Mkulima wa Alizeti (Kongwa)

Kwa wanaotumia LibreOffice Calc, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Excel, mambo ni tofauti. Huko unachagua eneo lenye angalau safu tatu na mistari mitatu, unakwenda Format, kisha AutoFormat Styles, na unaongeza mtindo wako kwa kitufe cha Add. Mtindo huo hukaa kwenye wasifu wako (mipangilio yako ndani ya programu), kwa hiyo utaukuta katika kila faili. Kasoro yake, kwa matoleo niliyotumia, ni kwamba hupakwa mara moja tu, na mkulima mpya akiongezwa chini, mstari wake haufuati mtindo wenyewe.

Mtunza Daftari (Chamwino)

Nawashukuru sana. Mafaili mapya sasa yanakuja vizuri. Yamebaki mambo mawili: mafaili ya misimu iliyopita bado ni ya buluu, na sioni mahali pa kukuza herufi ndani ya mtindo.

Fundi Majedwali (Area C)

Hupaoni kwa sababu hapapo. Mtindo wa jedwali hukubali rangi, mistari na kukoleza maandishi, lakini haubadilishi aina wala ukubwa wa herufi. Fungua Book.xltx yenyewe, nenda Cell Styles, bofya kulia kwenye Normal, uchague Modify na kukuza herufi hapo, kisha uihifadhi upya.

Kwa mafaili ya zamani, nakili karatasi yenye jedwali la mtindo wako kwenda faili la zamani kwa Move or Copy, ukiweka tiki ya kutengeneza nakala. Mtindo utahamia nayo, na hata ukiifuta karatasi hiyo baadaye, mtindo utabaki. Jedwali lililokwisha kutengenezwa halibadiliki lenyewe, kwa hiyo bofya kila moja na ulipe mtindo huo. Pale ulipokuwa umepaka rangi kwa mkono, rangi hiyo huushinda mtindo: chagua seli hizo, weka No Fill, kisha rangi ya maandishi iwe Automatic. Njia hii haigusi muundo wa tarakimu, kwa hiyo fedha za wakulima zitabaki na koma zake.