Eka sita na nusu Lare: ninunue trekta ndogo au niendelee kukodi?

Mama Tatu, Lare (Njoro)

Habari zenu wakulima wenzangu. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijasaini karatasi za sacco Ijumaa ya wiki ijayo.

Nina eka sita na nusu hapa Lare. Nne ni za mahindi, moja na nusu viazi, inayobaki ni nepia na boma la ng'ombe watatu. Shamba limeinama kuelekea mtoni. Si mteremko wa kutisha, lakini upande wa chini hata mkokoteni wa punda ukiwa na mzigo lazima mtu aushikilie kwa nyuma. Udongo ni huu wetu mwepesi wa majivu ya volkano: kiangazi ni vumbi tupu, mvua ikinyesha jembe linaingia lenyewe.

Kilichonifikisha hapa ni msimu huu niliovuna juzi. Mwenye trekta nilimlipa nusu ya pesa mwezi wa pili, akaniambia mimi ni wa tatu kwenye foleni. Mvua ikaanza tarehe 22 Machi. Mbegu yangu ya mahindi, ile ya 614, iko ndani ya nyumba, mbolea imepangwa kwenye veranda, na mimi napiga simu kila asubuhi. Jibu ni lile lile, "Kesho mama." Alikuja tarehe 17 Aprili saa kumi na moja jioni, akalima usiku kwa taa. Kulipokucha nilizunguka shamba nikakuta kona zote hazijaguswa, na katikati kuna vipande ambavyo diski zilikwaruza tu juu, magugu bado yamesimama. Jirani aliyepanda siku ya pili ya mvua amevuna magunia 22 kwa eka. Mimi 13, na viwavijeshi walinila kuliko yeye kwa sababu mahindi yangu yalikuwa bado machanga. Tisa mara nne ni magunia 36. Kwa 3,400 niliyouzia, hizo ni 122,400. Ni karo ya watoto wawili.

Baba watoto husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwaka huu nimemwelewa. Tumeona trekta ya Kubota ya nguvu za farasi 24, mtumba wa Japani, magurudumu manne yanavuta, inakuja na rotaveta yake, ile ya meno yanayozunguka kusaga udongo. Muuzaji anataka 860,000. Tuna 500,000 zetu, sacco itatupa 360,000 za kulipa miaka mitatu, kama 12,000 kwa mwezi. Kukodi hapa ni 3,500 kwa eka kulima na 2,500 kupiga haro, yaani kuvunja mabonge baada ya kulima.

Itaiweza ardhi yangu kweli? Spea zitapatikana? Na hiyo hesabu inaingia?

Nyar Ahero

Pole sana dada, hayo magunia 36 yanauma.

Huku kwetu kwenye mpunga wengi tunatumia zile mashine za magurudumu mawili, unatembea nyuma umeshika mikono yake. Kwenye maji na matope ni kazi safi. Lakini usije ukashawishika kwa sababu ni rahisi. Nilijaribu kuipeleka kwenye eka moja ya mahindi ya mama mkwe, ule udongo mweusi wa Kano ukiwa umekauka na kupasuka, ikawa inaruka juu ya mabonge kama mbuzi. Mabega yaliniuma siku tatu. Kwenye mteremko wako sikushauri kabisa.

Hiyo trekta ya kukaliwa sijui habari zake, wacha mafundi waseme.

Fundi wa Rongai

Mama Tatu, shikamoo. Nimetengeneza hizi trekta ndogo kwa miaka kumi na moja na nina yangu ya farasi 26, kwa hivyo nitaongea kwa urefu, univumilie.

Kwanza tenganisha kazi mbili. Kufungua ardhi ni kazi moja, kuisaga na kuitayarisha kwa mbegu ni nyingine. Kufungua ardhi iliyokauka kunataka uzito. Trekta ya farasi 24 ina tani moja hivi. Ukiifunga plau ya diski mbili mwezi wa kwanza, magurudumu yatazunguka hapo hapo na diski zitakwaruza juu, yaani ile ile kazi mbovu uliyofanyiwa usiku. Ile kubwa ya farasi 50 inayovuta diski tatu ina karibu uzito maradufu, ndiyo maana inazama.

Lakini kwenye ardhi ambayo tayari imefunguliwa, hiyo ndogo na rotaveta yake ni mashine ya haja. Piga hesabu hii. Eka ni mita za mraba 4,047. Rotaveta ya mita 1.2 itatembea kama kilomita 3.4 kuimaliza. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa ni saa moja na dakika kumi hivi, weka na kugeuza kwenye kona, saa moja na nusu. Eka zako nne za mahindi ni saa sita. Mvua ikinyesha Jumatatu usiku, Jumatano jioni mbegu iko chini. Dizeli lita tano au sita kwa eka.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo naona utapotea. Foleni ya trekta kubwa iko Machi. Januari hizo trekta zimeegeshwa chini ya miti, madereva wanakunywa chai. Umeshavuna, shamba liko wazi. Ita trekta kubwa wiki ya kwanza ya Januari, mchana, ukiwa umesimama hapo, na umlipe akishamaliza kona zote. Magugu yatakauka juani, mabaki ya mahindi yataanza kuoza mvua ikigusa, na Machi hutakuwa na haja ya kumpigia mtu simu ya kulima. Hayo magunia 36 uliyapoteza kwa sababu kazi ya Januari ilingojea Machi. Trekta yako mwenyewe ya farasi 24 isingeyaokoa, kwa maana isingeweza kuifungua hiyo ardhi vizuri.

Kwa hivyo usiinunue kwa uchungu wa Aprili. Inunue kama ina kazi siku nyingine. Kwenye shamba lako peke yake, haro ya eka tano na nusu kwa 2,500 ni 13,750 unazookoa kwa mwaka, na sacco inataka 144,000 kwa mwaka. Haiingii. Itaingia tu kama majirani wenye eka moja moja na mbili watakulipa uwapigie haro, na kama ina trela ya kubeba nepia, samadi na viazi. Mimi mwenyewe rotaveta hunilisha wiki sita tu. Trela hunilisha mwaka mzima.

Kuhusu mtumba wa Japani: injini zake ni nzuri, lakini nyingi zilikuja na rotaveta iliyofungwa kwa namna ya kwao. Siku utataka kifaa kingine utakuta hakikai. Nenda na futi kamba. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya kushika kifaa: pini za mikono miwili ya chini ziwe milimita 22, ya mkono wa juu 19. Hizo ndizo vifaa vya trekta ndogo huku vinakubali.

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, ameiwasha kukuficha ugumu wa kuamka. Ikishaamka na kunguruma, fungua kifuniko cha kuwekea oili, kiache juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia hapo, pistoni bado zinabana. Kikirukaruka na moshi unapuliza, injini imechoka, rudi nyumbani. Halafu inua rotaveta juu kabisa, zima injini, ukanywe chai. Ukirudi ukute imelala chini, haidroliki inavuja ndani.

Na chujio la hewa, mama. Vumbi la Lare na Rongai linaingia kila mahali. Injini nyingi ninazofungua hazikufa kwa kazi, zilikufa kwa vumbi. Wakati wa kazi kavu lifungue kila jioni.

Mzee wa Molo

Fundi amesema yote ya injini. Mimi naongezea la mteremko, kwa sababu nimeona.

Angalia kama ina ile fremu ya chuma nyuma ya kiti. Nyingi za mtumba hazina, au iliondolewa ipite chini ya miti. Trekta ndogo ni nyembamba, inalala ubavu upesi. Mpwa wangu alipinduka nayo akiwa anakata kona ya chini ya shamba, rotaveta ikiwa juu. Alirushwa upande wa juu, ndiyo pona yake. Upande wako wa mtoni shusha rotaveta kabla ya kugeuza, wala usimruhusu mtoto kukaa kwenye ngao ya gurudumu.

Pia lima kukata mteremko, msilime kuufuata. Huo udongo ukisagwa kama unga, mvua ya kwanza inaupeleka mtoni. Pita mara moja tu na rotaveta, mabonge madogo yakibaki yaacheni.

Na hakikisha logbuku iko, na anayeendesha barabarani ana leseni ya daraja G.

Mama Tatu, Lare (Njoro)

Asanteni sana. Fundi, marahaba, na asante kwa kuniambia ukweli ambao sikutaka kuusikia. Nililala nao.

Nimefanya mambo matatu tangu juzi. Nimempigia mwenye trekta, si yule wa mwaka huu, mwingine kutoka upande wa Njoro mjini, tumekubaliana tarehe 5 Januari, eka tano na nusu, 3,500, nalipa kazi ikiisha. Alishangaa namtafuta mapema hivi.

La pili, nimezunguka kwa majirani na daftari. Swali nililowauliza ni hili: Machi nikija na rotaveta siku mbili baada ya mvua, utanilipa 2,500? Mpaka jana jioni wameandika majina watu kumi na wawili, jumla eka 17. Mjane mmoja wa nusu eka aliniambia amelima kwa jembe la mkono miaka minne kwa sababu trekta kubwa hazikubali kuja kwa nusu eka, na hata zikija hazina pa kugeukia. Huyo nimemwandika wa kwanza.

Lakini eka 17 ni 42,500 kabla ya dizeli, na sacco inataka 144,000. Kwa hivyo Ijumaa sitasaini. Nimewaambia nitarudi mwezi wa pili nikijua pia habari za trela. Kuna wabebaji viazi wawili hapa ambao wanategemea punda na barabara ikiloa wanakwama. Nataka kwanza nijue wao hulipa ngapi kwa gunia.

La tatu, tulienda kuiona ile Kubota. Injini ilikuwa moto tulipofika saa tatu. Kifuniko cha oili kilitulia vizuri, nikafurahi. Tukainua rotaveta, tukazima, tukakaa chini ya kivuli tukiongea na muuzaji. Baba watoto hakusema neno, alikuwa anatazama tu nyuma ya bega la yule mtu. Baada ya dakika ishirini meno yote yalikuwa yamegusa kokoto. Muuzaji akasema ni kawaida yake. Mikono ya chini nilipima, pini ni ndogo kuliko 22. Fremu ya kiti hakuna.

Fundi, kuna nyingine ya Yanmar nimeambiwa iko upande wako wa Rongai, kwa mkulima mwenyewe, si muuzaji. Ana trela pia. Nikikulipa nauli na siku yako, utakuja unikagulie Jumamosi? Nimeshamwomba asiiwashe kabla ya saa moja na nusu.

Fundi wa Rongai

Nauli acha, niko karibu. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha ni upande gani. Saa moja nitakuwa hapo, na nitakuja na mnyororo wa kuivutisha gogo tuone klachi.