Nisome nini baada ya Bwana Msa?

Swali (Buruburu): Ndugu wasomaji, nimemaliza Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, na ningependa kujua chimbuko la mpelelezi wa namna ya Bwana Msa, anayefumbua fumbo la kitabu hicho. Nianzie wapi?

Jibu (South B): Anza na Edgar Allan Poe, Mmarekani ambaye mwaka 1841 alimbuni Dupin, mpelelezi wa Paris anayetegemea akili kuliko mbio, huku rafiki asiyetajwa jina akitusimulia. Kisha soma riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, ya mwaka 1887, ambamo Holmes anambeza Dupin waziwazi (utovu wa shukrani, kwa maoni yangu). Ukimaliza, mrudie Bwana Msa na kiko chake, ukimtazama rafiki yake Najum anavyoshika nafasi ya Watson, rafiki wa Holmes.

Jibu (Ngara): Naafiki, ila usiiruke riwaya ya upelelezi The Moonstone ya Wilkie Collins, ya mwaka 1868, ni ndefu, lakini wasimulizi wake kadhaa hupokezana, na kila mmoja hujua kipande tu cha habari.

Muulizaji: Ahsanteni. Jumamosi nitapita Maktaba ya McMillan kumtafuta Poe kwanza.