Prado ya 1998 ya mazuti inayopunguza maji: ninunue au niiache?

Mkaaji wa Himbi, Goma

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Nimepata Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, yenye injini ya mazuti (dizeli) ya lita 3 na turbo (1KZ-TE) na giaboksi ya otomatiki; mwenyewe anataka dola 7,000, na dashibodi inaonyesha kilomita 238,000. Bodi ni safi na asubuhi inawaka mara moja. Jumamosi tuliiendesha hadi Sake na kurudi, na mshale wa joto haukutoka katikati hata kidogo. Lakini tulipozima injini nilisikia maji yakitokota kwa mbele, bomba la juu la radiata lilikuwa gumu kama jiwe, na nilipofungua mlango wa nyuma nikakuta bidoni la maji la lita tano, limebaki nusu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba jipu zote za mazuti hunywa maji kidogo. Je, ni kweli? Na kama si kweli, matengenezo yanaweza kufika kiasi gani hapa kwetu, pamoja na magonjwa mengine ya kawaida ya gari hili?

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Ndugu, gari zima halinywi maji. Maji ya kupozea huzunguka katika njia zilizofungwa, kwa hiyo yakipungua yana mahali yanapotokea: ama nje, kwenye radiata, mabomba au pampu ya maji, ambako utaona unyevu au alama nyeupe zilizokauka; ama ndani ya silinda, ambako huoni kitu mpaka siku ya msiba. Injini ya 1KZ-TE inajulikana kwa ugonjwa huo wa pili. Kichwa chake cha silinda, kile ambacho sisi mafundi tunakiita kilasi, ni cha aluminiamu na kimekaa juu ya bloku ya chuma, na metali hizo mbili hazitanuki sawasawa zinapopata joto. Injini ikichemka vibaya hata mara moja, kilasi kinaweza kupinda au kupata ufa kati ya vali, gesi ya mwako ikapenya kwenye njia za maji, na bomba likawa gumu namna uliyoiona.

Usiutegemee mshale, kwa sababu kwenye Toyota za miaka hiyo hukaa katikati ingawa joto linapanda na kushuka, na ukija kusogea mara nyingi madhara yameshafanyika. Tena Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha radiata. Mpira wake ukichakaa, kitu cha dola chache kinaua kilasi cha mamia ya dola.

Rudi asubuhi, na umwombe mwenye gari asiiguse tangu usiku. Minya bomba la juu: likiwa bado gumu baada ya kulala usiku kucha, ni dalili mbaya. Fungua kifuniko (injini ikiwa baridi tu, nakusihi), jaza maji mpaka juu, mtu awashe, nawe utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma, au maji yakiruka mtu anapokanyaga mafuta, usinunue kwa bei hiyo. Uliza pia kama thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto, bado ipo, kwa maana baadhi yetu, naona haya kulisema, huiondoa ili kuficha joto.

Dereva wa Katindo, Goma

Papa Fundi amesema kweli, na mimi somo hilo nilililipia. Prado yangu, injini ileile, ilichemka nikipanda milima baada ya Minova kuelekea Bukavu. Garaji moja ilinibadilishia gasketi (ile inayoziba kati ya kilasi na bloku) peke yake kwa dola 280 pamoja na kazi, bila kupeleka kilasi kupimwa, na baada ya wiki saba ikachemka tena. Kilipofunguliwa, ufa ulionekana kwa macho, mwembamba kama unywele, kati ya vali mbili za silinda ya tatu. Kilasi kipya kilichotoka Kampala kilinigharimu dola 620. Gasketi na boliti 110. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji 140, kwa kuwa tulikuwa tumeshafika hapo. Kuosha na kuziba radiata 60. Mafuta, filta na maji ya kupozea 85. Kazi ya fundi 250. Jumla ni dola 1,265, ukiacha zile 280 zilizopotea bure. Kilasi cha okazioni, yaani kilichokwisha tumika, nilikipata kwa 300 nikakikataa, maana hakuna anayejua kilichemka mara ngapi huko kilikotoka.

Mengine ni ya barabara zetu za mawe ya volkano: amortisa (shokapu), raba za mikono ya mbele, filta ya hewa inayojaa vumbi. Rotili za chini, vile viungo vya mpira vinavyoshika gurudumu la mbele, usizidharau hata siku moja, kwani moja ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari. Jozi nilinunua kwa dola 90.

Mama wa Kampemba, Lubumbashi

Yangu ni ya esansi (petroli), ya lita 3.4; kilasi hakijanisumbua, ila kituo cha mafuta kinanifahamu kwa jina. Kaka, angalia na mafuta ya giaboksi. Kwenye otomatiki hizo mafuta hayo hupozwa ndani ya radiata, na radiata ikitoboka kwa ndani, maji huingia kwenye giaboksi. Yakiwa mekundu na safi, vizuri. Yakiwa na rangi ya maziwa ya waridi, ondoka hapo.

Mkaaji wa Himbi, Goma

Nimekwenda leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bomba lilikuwa gumu, mpira wa kifuniko umepasuka, na mapovu yalitoka kwa dakika kumi mfululizo hadi tulipozima. Mafuta ya giaboksi ni mekundu. Mwenye gari alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama mapovu hayo hayaletwi na gesi iliyomo katika maji ya ziwa, kwa kuwa ndiko anakoyachota. Nimemtajia bei ya dola 5,400, au basi kilasi kifunguliwe na kupimwa mbele yetu wote wawili kwa gharama yake ndipo tuzungumze upya. Ameshuka hadi 6,000 na kusema atanijibu Jumatatu. Bidoni ameshalitoa ndani ya gari.