Mkono wa kushoto wa mwanangu umelegea, naye anataka mazingaombwe. Nianze na mchezo gani?

Mama_Ujiji

Habari za leo wana jukwaa. Niko Ujiji, nina mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye selimundu, yaani sickle cell. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Mguu umerudi vizuri, anatembea na hata mpira anacheza, lakini mkono bado. Vidole vinajikunja na dole gumba linajificha ndani ya kiganja. Mtaalamu wa mazoezi alituonyesha ya kufanya nyumbani: kuminya mpira, kukamua kitambaa, kuokota maharage moja moja. Mwanzoni alikubali. Sasa nikimwita anaingia uvunguni.

Majuzi pale mwaloni Kibirizi kijana mmoja alimfanyia mchezo wa sarafu, ikapotelea mkononi ikatokea sikioni. Tangu siku hiyo hana habari na kitu kingine. Anakaa na sarafu ya mia mbili, na nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba ule mkono wa kushoto anautoa mwenyewe. Anaufungua vidole kwa kutumia mkono wa kulia, anaweka sarafu, anafunga. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, michezo gani inafaa mkono wa namna hii? Pili, na hili ndilo linaninyima usingizi: huku kwetu mnakujua. Mtoto anaumwa mara kwa mara, mkono umepinda, halafu aanze kupoteza vitu mbele za watu? Jirani mmoja ameshasema kwamba "huyo karithishwa." Sitaki kumtafutia mwanangu jina baya.

Kijana_Gungu

Dada pole sana. YouTube kuna video nyingi za hiyo michezo, ila nyingi ni za watu wenye vidole vyepesi. Ngoja wajuzi waje.

Mzee_wa_Reli

Mwangaluka mama. Pole na kuuguza.

Mimi niko Ng'ambo, Tabora. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa mazingaombwe ya mashuleni. Kama ulisoma shule ya msingi kandokando ya reli, iwe Urambo, Kaliua, Nguruka au Uvinza, huenda uliwahi kulipa kiingilio chako na kukaa chini darasani kunitazama. Siku hizi sizunguki tena. Nafundisha watoto, na wengi wao ni wenye mtindio wa ubongo, wengine walilegea upande mmoja baada ya malaria ya kichwani, wengine wana uoni hafifu. Nitaandika kirefu, univumilie.

Mwanao ameshakuonyesha jibu. Mpira wa kuminya haumlazimishi kutumia mkono wa kushoto. Mtoto anauhamishia kulia, anaminya, anakuambia amemaliza. Mchezo mzuri wa mazingaombwe haukubali mkono mmoja. Mkono mmoja unaonyesha, mwingine unaficha, na ule unaoficha usipofanya kazi yake kila mtu anaona. Kwa hiyo mtoto anaulazimisha mkono wake mwenyewe, kwa hamu yake, bila wewe kumkumbusha.

Wenzetu wa tiba wamelijua hili zamani. Mwaka 1982 David Copperfield, mwanamazingaombwe wa Marekani, alianzisha Project Magic akishirikiana na hospitali moja ya California, wagonjwa wakawa wanafundishwa michezo kama sehemu ya matibabu yao. Uingereza wana Breathe Magic, mahususi kwa watoto waliolegea upande mmoja kama wako. Watoto wanakaa kambini wiki mbili, jumla ya saa 60, watabibu na wanamazingaombwe wakifanya kazi bega kwa bega. Kila mchezo unachaguliwa kwa ajili ya tendo fulani la mkono: huu wa kugeuza kiganja, huu wa kufungua vidole, huu wa kushika kwa ncha. Mwishoni watoto wanawafanyia wazazi onyesho. Sisi huku hatuna kambi, ila vifaa vya kazi hiyo vipo dukani kwa Mangi.

Sarafu muwekee akiba. Najua ndiyo anayoitaka, lakini sarafu inahitaji dole gumba litoke na litulie, na hilo kwake ndilo gumu kuliko yote. Itaanguka, itaanguka tena, atakata tamaa.

Anza na rababendi, ile mipira ya kufungia hela. Ivishe kwenye kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto, iteremke hadi shinani. Mgongo wa mkono uwaelekee watazamaji. Kwa mkono wa kulia aivute upande wa kiganja, na hapohapo akunje vidole vyote vinne vya kushoto, ncha zake zote ziingie ndani ya rababendi. Aiachie. Wanaotazama wanaona imezunguka vidole viwili tu. Sasa afungue vidole kwa mara moja: rababendi itaruka yenyewe mpaka kidole cha pete na cha mwisho. Unaona kwa nini nakupa huu? Kukunja, mkono wake unajua tayari, tena ndiyo tabia yake. Mchezo unaanzia pale mkono ulipo, halafu unaudai kufunguka. Mwanzoni vidole vitafunguka polepole na rababendi itajikokota badala ya kuruka. Mwache. Akiona inajikokota atataka iruke, na hamu hiyo huwezi kuinunua.

Ukimkaa vizuri, mpe fundo linaloyeyuka. Omba kwa fundi cherehani utepe wa mabaki ya kitenge, urefu wa mkono wa mtu mzima. Kamba ya katani inakwaruza, usiitumie. Atengeneze kitanzi, halafu badala ya kupitisha ncha ya utepe apitishe mkunjo wake, akaze nusu. Kwa macho ni fundo kamili. Akivuta ncha mbili, limekwenda. Mchezo huu nawafundisha hata wasioona, kwa kupapasa tu, na wanaufanya safi kuliko wanaoona.

Wa tatu ni klipu mbili za karatasi na noti ya elfu mbili. Ikunje noti mara mbili ipate matabaka matatu, ukiitazama kwa juu iwe na umbo la herufi S. Klipu ya kwanza ibane ncha ya mbele pamoja na tabaka la katikati, ya pili ibane ncha ya nyuma pamoja na hilohilo la katikati. Ashike ncha, moja kila mkono, avute kulia na kushoto. Klipu zitaruka zikiwa zimeshikana. Hakuna siri ya kuficha, karatasi inafanya kazi yote, mikono inachotakiwa ni kuvuta kwa pamoja. Watoto wanacheka hadi wanakaa chini.

Sasa hilo la majirani. Mama, usilipuuze. Mikoa yetu imeona watu wenye ualbino wakiwindwa kwa sababu ya imani hizi, na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mtoto mwenye tofauti mwilini hatakiwi kupewa hata kivuli cha tuhuma. Mimi nina masharti yangu na siyalegezi. Mchezo unafanyika mchana, uwanjani, mikono ya shati imekunjwa. Hakuna kunuiza maneno yasiyoeleweka. Hakuna kitambaa chekundu wala cheusi, hakuna mfupa, kibuyu, damu wala chochote kinachofanana na vitu vya mganga. Vifaa ni vya shule na vya dukani. Na kabla hajaanza mtoto aseme kwa sauti: "Huu ni mchezo, nimefundishwa, na mimi nitawafundisha mmoja."

Halafu awafundishe kweli. Wenzangu wa zamani wangenilaumu, maana kazi yetu iliishi kwa siri. Lakini kwa mtoto wa namna hii, siri ya rababendi igawiwe mtaa mzima. Mwite yule jirani aliyesema karithishwa, mtoto wake awe wa kwanza kufundishwa. Mwanao atabaki na michezo mingine ya kwake, ila mtaa utakuwa umeshajua kwamba ni vidole tu.

Neno moja zaidi. Usimpigie makofi ya huruma. Kama umeona alivyofanya, mwambie nimeona, rudia. Mtoto aliyezoea kutazamwa kwa sababu ya mkono wake anajua makofi ya kweli na ya kuonewa huruma. Siku atakapokudanganya macho kabisa, hapo shangaa kwa moyo wote.

Ustadh_Mwanga

Assalaam alaykum. Mimi nafundisha madrasa hapa Mwanga. Kinachokatazwa na kutisha ni sihri, yaani uchawi, na mtu kudai anajua ghaibu, yaani mambo yaliyofichika, au ana nguvu zisizo za kawaida. Mtoto anayesema wazi kwamba ni wepesi wa mikono, na anaonyesha namna unavyofanyika, mimi binafsi simhesabu huko. Wapo watakaokuwa na msimamo mkali zaidi. Kwa hiyo dada yangu, kama anasoma chuoni, nenda kwa mwalimu wake kabla habari hazijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Mpeleke mtoto amfanyie ule wa klipu, kisha amfundishe. Mueleze kwamba ni sehemu ya mazoezi ya mkono. Mwalimu akishaelewa, yeye ndiye atakayekujibia mtaani.

Tiba_Vitendo_KGM

Shikamoo Mzee wa Reli. Mimi ni mtabibu kwa vitendo, na uchaguzi wako wa michezo naukubali. Naongeza ya upande wa ugonjwa.

Mama, kwa mtoto wa selimundu fanyeni kidogokidogo, anywe maji ya kutosha, na siku akiwa na maumivu au homa hakuna mazoezi ya aina yoyote: homa ni ya kwenda hospitali, siyo ya kusubiri. Aliyewahi kupata kiharusi yuko kwenye hatari ya kukipata tena, kwa hiyo kliniki na dawa zake viendelee kama kawaida, mazingaombwe hayachukui nafasi yake. Ukiona uso umevutwa upande, maneno yanakwama au mkono umezidi kulegea ghafla, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Viwiko vyote viwili vikae juu ya meza anapofanya mazoezi, ataweza kutuliza bega. Rababendi iwe pana na legevu, isikae kidoleni baada ya mchezo. Sarafu na klipu ziwekwe mbali na wadogo zake.

Mama_Ujiji

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mzee shikamoo, nimekusoma na machozi. Rababendi tumeanza, inajikokota kama ulivyosema, na leo hakuingia uvunguni. Yule jirani nimemwita kesho, mtoto wake anakuja.

Nimekwama kwenye klipu. Anavuta kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameshikiza tu karatasi, na mara nyingine inamponyoka. Nifanyeje?

Mzee_wa_Reli

Marahaba mwanangu. Geuza kazi: kulia kushikilie tu, kushoto ndiko kuvute. Noti iweke pembeni kwa sasa, tumia ukanda wa karatasi ya daftari wenye upana wa noti lakini mrefu zaidi. Ncha ya kushoto ikunje mara kadhaa iwe nene, au ifungie kwenye kijiti cha ukubwa wa penseli kwa gundi ya karatasi, ashike kijiti kwa kiganja kizima. Akishazoea, punguza unene kidogokidogo mpaka arudi kwenye noti. Na klipu tafuta zile ndefu, fupi zinabana sana na kwake zitakuwa nzito.