Mliolea watoto wa kuasili kutoka Ukraine, tupeane uzoefu

Mama Wawili (Ohio)

Habari zenu ndugu. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Marekani, na tuna watoto wawili wa kuasili kutoka Kherson, kusini mwa Ukraine. Kila anayenitafuta huuliza makaratasi na gharama. Makaratasi yanakwisha. Mimi naomba tuzungumze juu ya watu wa mtoto wanaobaki nyuma, kwa sababu hilo ndilo linaloninyima usingizi hadi leo.

Wanangu walikuja kwanza kama wageni, Krismasi ya 2017. Kanisa letu lilikuwa na mpango wa kupokea kwa wiki nne watoto wanaolelewa kwenye makao ya watoto. Mvulana alikuwa na miaka 7, dada yake 5. Waliporudi kwao nyumba ilipoa, mume wangu akawa anapita chumbani kwao na kusimama tu.

Mwaka 2019 tukawafuata. Ukraine haikuwa kwenye Mkataba wa The Hague, ule wa kimataifa wa kuasili watoto, ilikuwa na taratibu zake. Mgeni lazima awe na ndoa. Mtoto lazima awe amekaa mwaka mzima kwenye daftari la watoto wa kuasiliwa bila Mukraine kumchukua, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 5, isipokuwa ana maradhi makubwa au anaondoka na ndugu yake mkubwa. Faili la mtoto unaonyeshwa Kyiv, kesi inasikilizwa kule mtoto anakoishi. Tukapanda treni ya usiku hadi Kherson.

Mahakamani alikaa hakimu na wazee wa baraza wawili. Hakimu akamuuliza mwanangu kama anataka kwenda nasi. Akasema ndiyo. Kisha mwanangu naye akauliza: "Na kaka?"

Kaka yao alikuwa na miaka 19. Sheria ya Marekani inataka ombi liwasilishwe kabla mtoto hajatimiza miaka 16, au 18 kama nduguye mdogo anaasiliwa na familia hiyohiyo. Alishapita. Alikuwa ametoka makao, anajifunza kuchomelea vyuma. Hukumu ilisubiri siku 30 ndipo ipate nguvu, na siku hizo zote alikuja jioni kwenye nyumba tuliyopanga, amebeba tikiti maji. Matikiti ya Kherson yana sifa Ukraine nzima, na mwezi wa nane yamejaa kando ya barabara. Alikata, akawagawia wadogo zake, yeye akala mwisho.

Tulipofika Ohio yalianza ya mkate. Nilikuta vipande chini ya godoro, ndani ya viatu, nyuma ya redieta. Sikuwagombeza. Niliweka kikapu cha mkate mezani, usiku na mchana, kisikauke. Ilichukua miezi kama saba. Uji waliupokea siku ya kwanza, kwao kuna kasha, chakula cha namna hiyohiyo. Neno mama halikutupa shida, ni lilelile. Shida ilikuwa baba: kwao baba ni bibi kizee. Nikimwambia binti "mwite baba", anatazama mlangoni akimtafuta bibi yake, ambaye alishafariki. Siku nilipoelewa nililia jikoni.

Nitaendelea. Wengine karibuni.

Daktari wa Mbeya

Ahsante dada. Mimi nilisoma udaktari Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, nikamaliza 2020. Jumapili tulikuwa tunakwenda makao moja nje ya mji, wanafunzi wa Kitanzania na Wanigeria, tunacheza mpira na watoto.

Watu wakisikia makao wanadhani yatima. Kabla ya vita ya 2022 Ukraine ilikuwa na zaidi ya watoto 90,000 kwenye taasisi, na wengi wana mzazi hai. Pombe, ufukara, ulemavu wa mtoto ambao familia haikupata msaada wa kuulea nyumbani, na mashariki vita tangu 2014. Ili mtoto aasiliwe, mara nyingi mahakama huwa imeshamvua mzazi haki zake. Kwa hiyo mtoto anakuja na mama kichwani. Kijana mmoja wa miaka 11 alinionyesha picha ya mama yake, imekunjwa hadi sura imefutika katikati. Aliniambia mama anaumwa tu, akipona atakuja.

Kitabibu: faili la mtoto msilisome peke yenu. Mengine yametia chumvi ugonjwa, mengine yameruka jambo zito. Ulizeni hasa kama mama alikunywa pombe akiwa mjamzito, maana madhara yake kwenye ubongo hayaonekani siku mnayompokea. Yanajitokeza shuleni, kwenye hesabu na kumbukumbu, na mtoto anaitwa mkaidi wakati si mkaidi.

Shangazi Torino

Mimi wa Mombasa, tuko Italia. Familia nyingi huku zimekuwa zikipokea watoto wa kule wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl. Wetu alikuja akiwa na miaka 8, akarudi kila kiangazi. Tulikwenda mahakama ya watoto tukapata hati ya kufaa kuasili. Faili letu lilikuwa linatafsiriwa, Februari 2022.

Tarehe 24 vita ikaanza. Serikali ya Ukraine ikatangaza kwamba wageni hawawezi kuasili katika hali ile. Niliumia, lakini naelewa. Watoto walikuwa wanavuka mipaka kwa mabasi, wengine wana ndugu wanaowatafuta. Upande wa pili Warusi walikuwa wanachukua watoto wa Ukraine na kuwapa uraia wao, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati ya kumkamata Putin mwezi Machi 2023. Nchi iliyo katika hali hiyo inafunga mlango, na ni haki yake.

Binti alihamishiwa Poland na makao yake yote. Sasa yuko kwa walezi, Waukraine. Anapiga simu sikukuu ya jina lake. Ananiita mamma, kisha anajisahihisha. Chumba sijakibadilisha.

Mgeni wa Nakuru

Naomba kuuliza bila nia mbaya. Kwa nini Ukraine, na watoto wetu wapo?

Mama Wawili (Ohio)

Si vibaya kuuliza, mama yangu mzazi aliniuliza hivyohivyo. Hatukuchagua nchi. Watoto wawili walilala nyumbani kwetu wiki nne, tukashindwa kuwasahau. Na hata huko kwenu, Kenya ilisimamisha wageni kuasili tangu Novemba 2014. Shangazi, pole sana. Usikibadilishe.

Naendelea pale nilipoishia. Kherson ilitekwa mwanzoni mwa Machi 2022, ikakombolewa 11 Novemba. Miezi hiyo simu ya kaka yao ilikuwa inapotea wiki nzima. Mwanangu akiwa na miaka 12 aliacha kula nyama, akaanza tena kuficha mkate. Safari hii alisema ni wa kaka. Nikaununua zaidi, tukaweka kwenye friza, tukauandika jina lake.

Kaka yuko hai, yuko mji wa Mykolaiv, anachomelea. Mwanangu anasema akitimiza 18 anakwenda kumwona. Hapo wazazi wenzangu muwe macho: Ukraine inawahesabu watoto hawa raia wake. Ndiyo maana tunapeleka taarifa ubalozini, kila mwaka kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka mitatu hadi 18. Akiingia kule mtu mzima, anaingia kama Mukraine, na tangu 2022 wanaume wengi wa umri wa vita wanazuiwa kutoka, ingawa Agosti 2025 wa miaka 18 hadi 22 waliruhusiwa. Nimemweleza. Amesema anajua.

Jumapili tunampigia kaka kwa video. Binti amekwishapoteza lugha, yaani yote, hata maneno ya kuomba maji. Anakaa pembeni anamtazama kaka yake anavyocheka, mvulana anamtafsiria. Nilimtafutia mwalimu, akaenda mara mbili akakataa. Aliyefanikiwa kurudisha lugha ya mtoto bila kumlazimisha, tafadhali aniambie alianzia wapi.