Kurefusha shafti ya volyumu ya amplifaya: ninunue au nichongeshe hapa Tanga?

Swali
Habari za wakati huu, ndugu mafundi. Nimeunda amplifaya ndani ya kasha la chuma. Waya za sauti kutoka matundu ya nyuma hadi volyumu ya mbele zilipita kando ya transfoma, zikawa zinaokota mvumo. Nimeihamishia volyumu nyuma, jirani kabisa na matundu hayo, na mvumo umekwisha, ila sasa shafti haifiki mbele: umebaki mwanya wa sentimita 22 hivi. Shafti ni ya milimita 6, na kirungu cha kuzungushia nilichonacho kina tundu la robo inchi. Je, kirefusho kinapatikana madukani, au nichongeshe?

Jibu: fundi redio, Ngamiani
Kaka, kuisogeza volyumu nyuma ni uamuzi sahihi, usiubadilishe. Kirefusho kilicho tayari usikihangaikie, kwani sehemu ngumu ya kazi imo ndani ya redio mbovu. Tafuta volyumu iliyokufa yenye shafti ya chuma ya milimita 6, nyanyua masikio ya bati yanayoshika kifuniko, chomoa klipu ndogo inayoizuia shafti, kisha ivute itoke. Itabaki bushi, yaani kijibomba kifupi chenye hesi (mikato ya skrubu) na nati yake, ambamo fimbo ya milimita 6 ya kurefushia shafti hupita bila kuchezacheza. Ifunge kwenye paneli ya mbele ibebe uzito wa fimbo na wa mkono. Bila bushi hiyo, mzigo wote utaiangukia volyumu, nayo italegea mapema.

Jibu: mchonga vyuma, Chumbageni
Naunga mkono suala la bushi. Fimbo yenyewe ninashauri iwe ya shaba ya njano, maana hewa yetu ya chumvi huila haraka chuma cha kawaida. Kiungo cha kuunganisha fimbo na shafti ya volyumu kichongwe kutoka kipande chenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa 20, kitobolewe katikati kwenye mashine ya kukereza, kwa sababu drili ya mkono itakwenda upande na fimbo itayumba kila ikizungushwa. Skrubu za kukibana, za M3 (unene wa milimita 3), ambazo tundu lake hutobolewa kwa milimita 2.5 kabla ya kukatwa hesi, ziwe mbili, moja upande wa fimbo na moja upande wa shafti. Karakana yoyote inayochonga bushi za pikipiki inaiweza kazi hii, mradi uende na volyumu yenyewe mkononi, usiende na vipimo vya karatasini.

Jibu: fundi redio, Ngamiani
Niongeze la kulenga, ambalo ndilo huwashinda wengi. Matundu ya kibati kinachoshika volyumu yawe marefu kidogo, si ya duara. Funga kwanza bushi ya mbele, pitisha fimbo, unganisha, kisha sogeza kibati huku ukizungusha hadi usikie wepesi ule ule mwanzo hadi mwisho, ndipo ukaze. Wapo wanaounganisha kwa mpira wa mafuta wa pikipiki. Unasamehe kutolingana, lakini hujisokota kwanza kabla volyumu haijaitikia, na kuweka sauti ndogo usiku kunakuwa tabu.

Kuhusu kirungu, robo inchi ni milimita 6.35. Zungushia fimbo bati jembamba la kopo la soda hadi kikae katikati, ndipo ukaze skrubu yake.